Bloku Iliyolala Ghalani

Mume wangu Delmar alipotangaza kwamba mwaka huu ndio mwaka wa Nova, nilikuwa nimeinama mbele ya jiko nikiutoa mkate wa mahindi, na mgongo ukakataa kunyooka. Nikabaki vivyo hivyo na sinia mkononi.

"Umesikia, Nedra?"

"Nimesikia. Mwaka wa Nova. Na mwaka jana ulikuwa mwaka wa nini?"

"Mwaka jana ulikuwa wa goti."

Ni kweli. Goti lake la kulia lilitolewa likawekwa la chuma. Kabla ya hapo ulikuwa mwaka wa paa, na kabla ya paa ilikuwa miaka ya kiwanda cha karatasi kilichomla Delmar tangu akiwa kijana, kikamtema siku kilipofungwa. Gari lenyewe, Chevrolet Nova ya mwaka sabini, limekaa ghalani kwetu bila injini tangu binti yetu hajazaliwa. Kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Delmar ana miaka sabini na mitatu. Mimi nimemtangulia kwa mwaka mmoja na sijawahi kumwacha asahau nani mkubwa humu ndani.

Alichokitaka ni kitu kimoja, na alikitaka kabla hajanioa: gari la kwendea dukani Jumatatu na la kushindana Jumamosi. Liwe na namba za barabarani. Atoke nalo hapa nyumbani akiliendesha mwenyewe, si kulibeba juu ya trela kama ng'ombe wa maonyesho, afike uwanjani, akimbie robo maili chini ya sekunde kumi na moja, halafu arudi nalo na njiani anunue maziwa. Maziwa si mzaha. Wanaume wa huku kusini mwa Ohio ukiwaambia gari lako la mashindano ni la barabarani pia, swali lao la kwanza ni kama lilirudi na maziwa.

"Bloku ya injini tunayo," akasema. "Ile ya mimi na Harlis."

Hapo mgongo ukanyooka wenyewe.

Niseme mapema, nisije nikawachosha kwa mafumbo: bloku iliyokuwa ghalani haikuwa ile ya Delmar na Harlis. Nilijua mimi, na Harlis alijua, na Harlis ni marehemu.

Harlis alikuwa mdogo wake Delmar, shemeji yangu, mtu wa kunichekesha hata msibani. Mwaka sabini na nane ndugu hao wawili waliing'oa bloku ile kwenye gari lililogonga mti, wakampelekea mzee Otto Eckhart, fundi wa kukereza, aipanue silinda na kuinyoosha. Ilikuwa bloku ya kutafutwa kwa tochi. Vile vifuniko vitano vya chini vinavyoishika krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, isiruke, vitatu vya katikati vilikuwa na bolti nne nne. Nyingi za aina ile zina mbili mbili. Kwa nje huzitofautishi: namba iliyomiminwa mgongoni ni ileile, umbo ni lilelile. Mpaka uipindue, ufungue sampu, lile karai la oili lililo chini, ndipo uhesabu.

Mzee Otto aliirudisha ikiwa imejazwa grisi kwenye silinda, sampu imefungwa kwa gasketi mpya, na plastiki juu. Akamwambia Delmar, "Usifungue mpaka siku ya kuunda injini. Unyevu ukiingia, kutu imeingia." Delmar akalichukua neno lile kama la mimbarini. Kila mwaka, mkesha wa msimu wa kuwinda kulungu, aliivua plastiki, akaipangusa oili kwa nje, akaifunika. Wenzake walikuwa wakinoa visu.

Mwaka tisini na moja kiwanda kilipopunguza watu kwa muda, akaenda Wyoming, mbali huko magharibi, kulaza mabomba ya gesi, miezi kumi na moja. Huku nyuma bloku ya Harlis, ya gari lake mwenyewe, ilikuwa imepasuka kwa baridi kwa sababu alisahau kumwaga maji, na mashindano makubwa ya Septemba yalikuwa yamebakiza wiki mbili. Akaja kwangu na kofia mkononi.

"Shemeji, niazime kwa Jumamosi moja tu."

"Mpigie simu kaka yako."

"Kaka yangu atakataa."

"Basi umeshajibiwa."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, shemeji. Wewe hujakataa bado."

Nikampa ufunguo wa ghala. Sijitetei. Nilikuwa nimechoka kuona kitu kinapakwa mafuta mwaka hadi mwaka kama maiti ya mfalme, na nilitaka kukisikia kikinguruma hata mara moja. Nilikwenda uwanjani nikakaa kwenye benchi za mbao nikakisikia. Katika mbio ya nne bolti moja ya mkono wa pistoni ilikatika, na ule mkono ukatokea ubavuni mwa bloku kama mtu anayeaga dirishani.

Ndugu wale walikuwa wamepatana mwaka uleule, baada ya miaka mitatu ya kutosalimiana kwa ajili ya shamba la baba yao. Harlis alilia kwenye ngazi za nyumba yangu, mwanamume wa kilo mia. Nikamwambia afute kamasi atafute nyingine. Akaipata kwenye lori la wafugaji kina Yoder la kubebea chakula cha nguruwe, yenye namba ileile mgongoni, bolti mbili mbili tumboni. Mimi ndiye niliyeipaka rangi ya chungwa, kwa brashi, na ili isionekane mpya nikaipangusa kwa vumbi la ghalani na kinyesi cha kuku kidogo. Harlis akajaza grisi, akafunga sampu, akaahidi kumwambia kaka yake kabla ya Krismasi. Hakutaja Krismasi ya mwaka gani. Miaka minane baadaye mapafu yakamchukua.

Delmar alirudi kutoka Wyoming, akainua plastiki, akaipiga kofi ubavuni kama apigavyo ng'ombe wake, akaifunika. Tangu hapo, kwa miaka thelathini na miwili, amekuwa akiipaka oili bloku ya lori la nguruwe.

Na sasa alitaka kuitia nguvu za farasi mia sita. Lori lile halikuwahi kuziona mia mbili. Nikinyamaza, itampasukia miguuni katika mwendo wa kasi, mzee mwenye goti la chuma. Nikisema, namvua nguo Harlis mbele ya nduguye aliyemzika akiwa safi. Kuna uchovu wa kulima na uchovu wa kunyamaza. Wa kulima unalala nao, asubuhi umepungua.

Basi nikajaribu njia ya katikati, ambayo ndiyo niliyoizoea. Nikajifanya nina maoni.

Nilianza na bloku ya aluminiamu. Nilimwekea kitabu cha vipuri pembeni ya bakuli la maharagwe, ukurasa umefunguliwa.

"Tazama hii. Nyepesi nusu ya chuma. Na goti lako lile, utaibeba kama kikapu."

"Aluminiamu ni ya sufuria."

"Sufuria zangu zina miaka arobaini na hazijapasuka."

"Hazijafika mizunguko elfu saba kwa dakika."

"Hujaniona nikipikia ukoo mzima sikukuu ya Shukrani."

Hakucheka. Siku hizi hucheka kwa pua tu, na mara ile hata pua haikutikisika.

Wiki iliyofuata nikamletea habari ya injini za malori mapya, zile ambazo vijana huziokota kwenye magari yaliyoanguka na kuzitia katika kila kitu, hata kwenye mashine za kukatia majani. Zina nguvu, hazili mafuta sana, vipuri vipo kila mahali.

"Kila mtu anayo," akasema Delmar. "Ni kama mswaki."

"Mswaki ni kitu kizuri."

"Sitaki kufungua boneti mbele ya watu nikaonyesha mswaki."

Ikabaki bloku mpya ya chuma, iliyomiminwa juzi, nene kila mahali, bolti nne nne kwenye vifuniko vyote vitano. Nikaieleza vizuri kuliko mwuzaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini.

"Chuma kipya ni kibichi, Nedra. Hakijatulia. Chuma lazima kipate moto na baridi, moto na baridi, miaka, ndipo kiache kujinyonganyonga. Baba yangu alikuwa anaiweka bloku nyuma ya ghala majira matatu ya baridi kabla hajaigusa, na kila jioni anakwenda kuikojolea."

"Nilidhani alikuwa anakwenda kusali."

"Bloku yetu imelala miaka arobaini na mitano. Hakuna iliyoiva kuliko ile katika kaunti hii."

Ukweli ni kwamba ile ya nguruwe nayo ilikuwa imeiva. Iliiva mpaka ikaungua.

Kesho yake, Delmar akiwa amelala usingizi wa mchana na miguu juu ya stuli, nikampigia simu Burl Eckhart. Burl ni mtoto wa mzee Otto, amerithi karakana. Naye amefika miaka sitini na ndiye mkerezaji wa mwisho katika kaunti tatu.

"Burl mwanangu, bloku ikija kwako na kuta zake ni nyembamba, utamwambia mwenyewe aitupe?"

"Nitamwambia."

"Na kama ni nene, unaweza kumwambia ni nyembamba?"

"Mama Nedra, una ugomvi gani na bloku ya mzee?"

"Naota ndoto mbaya."

"Mimi nikipima chuma nasema kipimo kilichosoma. Baba alinifundisha hivyo. Nimerithi hilo na paa linalovuja."

"Basi Mungu akubariki," nikasema, na moyoni nikamwomba Mungu huyohuyo aifanye bloku ile iwe nyembamba kama kaniki. Ikiwa mbovu kwa kipimo, itatupwa kwa kipimo, na mimi na Harlis tutaendelea kunyamaza, yeye chini na mimi juu.

Tukaipeleka Alhamisi, siku ya mvua. Tuliinyanyua kwa mnyororo tukaishusha nyuma ya pikapu, Delmar akaifunika turubai na kulikaza kama anayemfunga mtoto shuka. Mimi nikajipakia. Aliuliza nakwenda kufanya nini, nikasema kununua uzi. Hakuna duka la uzi upande ule tangu wakati wa vita vya Vietnam.

Njiani alikuwa anaendesha polepole ili bloku isitikisike.

"Harlis angekuwepo leo," akasema, "angepiga kelele njia nzima."

"Angepiga."

"Ndiye pekee aliyeipenda kama mimi. Hakuwahi kuigusa, unajua? Gari lake lilikufa mara ngapi, na hakuwahi kuniomba."

Nikafungua mdomo. Lori la magogo likapita likatumwagia matope kioo kizima, Delmar akalitukana mpaka lilipopinda kona, na neno langu likarudi lilikotoka. Nimewahi kujificha nyuma ya vitu vidogo kuliko lori.

Karakana ya Burl inanuka oili iliyochomwa na kahawa iliyosahauliwa. Burl alikuwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni mwingine kichwani. Wakaishusha bloku pamoja, wakaifunga kwenye kigari cha injini, kile cha kuizungusha juu chini. Burl akashika kile kidude chake kama kalamu, kinachosikiliza unene wa chuma, akataka kuanza na silinda. Delmar akamzuia.

"Ngoja. Sampu naifungua mimi. Nimeingoja."

Akavua kofia, akaiweka juu ya benchi. Alifungua bolti moja moja kwa mkono, akazipanga kwenye kitambaa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa karibu na mlango nikitazama viatu vyangu. Gasketi ilishika, akaipiga kwa kiganja, sampu ikaachia.

Halafu nikasikia kidole chake kikigusa chuma kilichojaa grisi.

"Mbili," akasema. Akasogea. "Mbili." Akasogea tena. "Mbili. Mbili. Mbili."

Burl akashusha ile miwani ya kichwani. "Ni ya bolti mbili, mzee. Nyingi ziko hivyo."

"Yetu ilikuwa nne." Delmar alikuwa bado anaitazama. "Tulizihesabu mimi na Harlis, tumepiga magoti kwenye majani. Tukamletea baba yako. Ikarudi imefungwa, na yeye mwenyewe akaniambia nisifungue." Akageuka. "Baba yako alinipa bloku ya nani, Burl?"

"Unasemaje, mzee?"

"Nasema alikaa na yangu akanipa takataka, akaniambia nisifungue. Na mimi nikamtii miaka arobaini na mitano."

Sikumsikia akipandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. Burl alifuta mikono kwenye tambara, kidole kwa kidole, ingawa havikuwa na kitu. Nilimngojea amfukuze. Ana haki hiyo, ni karakana yake. Lakini alipofungua mdomo, sauti ilitoka ndogo.

"Miaka ile alikuwa anakunywa," akasema. "Kabla mama hajamrudisha kanisani. Sijui, mzee. Siwezi kukuapia. Inawezekana."

Sasa tazama nilivyokuwa nimekaa pale juu ya ndoo. Kila nililoliomba nilikuwa nimelipata bila hata kupima. Bloku imekataliwa. Delmar hatakufa nayo. Harlis yuko safi. Anayeumia ni mzee Otto, ambaye yuko makaburini hatua chache kutoka kwa Harlis, na hahitaji sifa za mtu. Nilichotakiwa kufanya ni kusema pole, nikaenda nyumbani nikapika. Lakini Burl alikuwa anaitazama mashine kubwa ya kuchongea silinda aliyoiacha baba yake, na alikuwa anaitazama kama mtu anayejiuliza kama ni ya wizi.

"Otto hakufanya kitu," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Nadhani walikuwa wamesahau nipo.

"Nedra, kaa nje ya hili," Delmar akasema.

"Nimo ndani yake tangu mwaka tisini na moja. Otto alikurudishia yako, bolti nne nne. Harlis aliifungua, nami niliziona kwa macho yangu. Ulikuwa Wyoming. Aliniomba, nikampa ufunguo. Akaenda kushindana nayo, ikavunjika. Hiyo unayoishika ni ya lori la nguruwe la kina Yoder. Rangi nimepaka mimi."

Delmar alinitazama kana kwamba ninasema lugha ya watu wengine.

"Rangi umepaka wewe."

"Na kinyesi cha kuku."

"Kinyesi cha nini?"

"Cha kuku. Ili ionekane ya zamani."

Burl akatoa sauti ambayo ingeweza kuwa kikohozi, akageuka ukutani. Delmar akatazama kiganja chake kilichojaa grisi. Nilidhani atauliza kwa nini. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kwa nini, miaka thelathini na miwili ni mingi, niliyapanga kama sahani. Hakuuliza.

"Ilikimbia ngapi?"

"Nini?"

"Na Harlis. Ilikimbia sekunde ngapi?"

"Ya tatu ilikuwa kumi na nukta nane. Ya nne haikumaliza."

"Kumi na nukta nane," akasema. "Na lile gari lake zito." Akachukua kofia, akaivaa, akatoka kwenye mvua, akaenda kukaa ndani ya pikapu. Tuliona vioo vinajaa ukungu.

Burl akaketi juu ya tairi. "Mama Nedra. Nilikuwa nimeshaanza kumzika baba mara ya pili."

"Niliona."

"Ungechelewa kidogo tu ningemfukia."

Hakuwa na la kunitukana zaidi ya hilo. Kwa vile mikono yake haijui kukaa bure, akasafisha grisi, akapaka ute wa kukisaidia kile kidude chake kusikiliza, akaanza kupima ile bloku silinda moja moja, akisoma namba kwa sauti kana kwamba kuna mtu anaziandika. Kwenye silinda ya sita akaacha kusoma. Akarudia mara tatu.

"Upande huu kalibu ya kumiminia chuma iliyumba," akasema. "Ukuta ni kama ganda la yai. Hii ingempasukia kabla ya kuvuka mstari."

Nikatikisa kichwa. Sikujisikia mwenye haki. Nilijisikia mzee.

Delmar aliporudi, maji yalikuwa yakimtiririka kwenye ukingo wa kofia. Alikwenda moja kwa moja kwa Burl.

"Nimemsingizia baba yako ndani ya nyumba yake. Nisamehe."

"Yamekwisha, mzee."

"Hayajakwisha, lakini nisamehe."

Wakapeana mikono. Burl akamwonyesha bloku mbili za zamani zilizokaa pembeni, zote za bolti nne. Angeweza kuzitia sumaku na unga wa chuma kutafuta nyufa, kisha azipime. "Ila sijui zilikopita," akasema. "Au niagize mpya."

"Habari za zilikopita nimeshiba," akasema Delmar. "Agiza mpya."

Mimi, kwa ujinga wangu, nikasema, "Ulisema mpya ni mbichi."

"Nimeiva mimi," akasema bila kunitazama. "Natosha kwa wote wawili."

Ya nguruwe tuliiacha pale pale. Tukarudi na pikapu tupu, turubai likipigapiga nyuma. Tulipita kanisa, tukapita daraja. Karibu na kwetu ndipo akasema.

"Harlis nimemsamehe. Imenichukua maili sita."

"Nashukuru."

"Usishukuru. Harlis amekufa, ni rahisi. Wewe uko hai, utachukua muda."

Kesho yake baada ya kahawa akanikabidhi spana.

"Twende ghalani."

"Kufanya nini?"

"Utafungua kila kitu kilichofungwa. Mbele yangu."

Nilidhani ni mzaha, nikaangalia pua yake. Haikuwa mzaha. Akajiwekea kiti cha kukunja katikati ya ghala, goti la chuma limenyooka mbele, na mimi, bibi wa miaka sabini na minne, nikapiga magoti juu ya gunia. Nilifungua mashine ya kukatia majani. Nilifungua giaboksi lililofungwa kwa gazeti la mwaka themanini na nne, na lilikuwa giaboksi. Nilifungua makopo ya rangi. Nilifungua sanduku la kabureta, akaniambia niitoe kabureta niigeuze ili aone chini yake.

"Hii ndiyo ya kweli?"

"Ndiyo ya kweli, Delmar."

"Wewe ndiye unayejua."

Siku ya pili tukafika kwenye trekta ya baba yake. Nikamwambia trekta sijaigusa, naapa kwa kaburi la mama yangu. Akasema mama yangu alipokufa alichomwa, hana kaburi. Nikaifungua sampu ya trekta. Oili nyeusi ikanimwagikia mpaka kwenye kiwiko, naye akaleta tambara, akanitupia kutoka kwenye kiti. Jioni zote mbili nililala na mikono imekakamaa kama kucha za kunguru, na kwa miaka mingi sikuwa nimelala vizuri namna ile. Sisemi nilifurahi. Nilichoka ule uchovu wa kulima.

Aliongea nami mambo ya lazima tu: chumvi, barua, mbwa. Aprili ikapita hivyo, na Mei. Kanisani watu waliniuliza Delmar ana nini, nikasema meno.

Bloku mpya ilikuja katikati ya Juni. Burl aliileta mwenyewe, baada ya kuichonga silinda na kupima kila ukuta, ikiwa ndani ya kreti ya mbao iliyopigwa misumari. Akaishusha ghalani karibu na ile Nova, akakataa kahawa, akaondoka haraka kama mtu anayewaacha wazazi na maneno yao.

Delmar aliizunguka kreti ile mara mbili. Nilimletea mtaimbo nikidhani atang'oa mbao. Akafungua kiti chake cha kukunja, akakaa, akanyoosha goti.

"Fungua wewe," akasema. "Nitakuwa natazama."

Nikang'oa mbao, msumari mmoja mmoja. Nikavua plastiki. Ilikuwa ya kijivu, haina rangi, haina alama ya mkono wa mtu, na inanuka oili safi. Tukaikamata kwa mnyororo pamoja, tukaifunga kwenye kigari, nami nikaizungusha tumbo juu. Hakukuwa na sampu. Vifuniko vilikuwa wazi, vinang'aa. Nikaweka kidole juu ya cha kwanza.

"Nne," nikasema. Nikasogea. "Nne. Nne. Nne. Nne."

Delmar akanitazama, kisha akaitazama bloku, kisha akaegemea nyuma mpaka kiti kikalia.

"Hesabu tena," akasema.